Bunduki Inayojikoki Yenyewe

Lidcombe, Sydney
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kwa sauti hata kama upo peke yako barazani, na Mama amechungulia kutoka jikoni kuuliza unaongea na nani. Mwambie unaongea na Imelda. Mimi ni mzima, ninakula, ninalala, na kazi ya ghalani inakwenda. Goti lako linasemaje? Na ile dawa ya kuchua niliyokutumia, unaipaka kweli au umemgawia tena mwenyekiti wa kijiji? Presha ya Mama imetulia? Na mahindi, mtavuna ninyi au ngedere wameshawatangulia?

Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatufiki popote. Nikisema hivi unajibu vile, kisha unampa Kaka Oddo simu, naye anafupisha maneno yangu yote kuwa "anasalimia." Sikio lako la kushoto lilibaki serikalini, hilo tunalijua sote. Lakini macho yako bado yanamwona nyuki akipita ng'ambo ya shamba, basi soma mwenyewe, polepole, usimpe mtu akusomee. Barua hii inakuja kwa mkono wa mwalimu mmoja wa Mbinga aliyekuwa anasoma huku, anarudi nyumbani moja kwa moja.

Oddo ameniambia jambo. Skola, binti wa rafiki yako marehemu Fulgence, niliyemwita Baba Mdogo, anaolewa, na amekuomba wewe umshike mkono umpeleke altareni mahali pa baba yake. Nawe umekataa. Oddo anasema ulijibu "Mimi sistahili" halafu ukainuka kwenda kuwakatia mbuzi majani. Baba, sihitaji kuuliza kwa nini. Ni yale ya nyati. Nilitaka kunyamaza kwa sababu mimi ni mtoto wako na hayo ni mambo ya wakubwa. Lakini Jumamosi iliyopita nimeona kitu, nimeshindwa kukaa nacho peke yangu. Nisikilize kwanza, uamuzi utabaki kuwa wako.

Kuna mtu anaitwa Des. Zamani alikuwa dereva wa lori, akituletea makontena kutoka bandari ya Port Botany mpaka ghalani kwetu Wetherill Park. Ni mtu mzima, ana kitambi na ndevu nyeupe, na anapenda chai kuliko Waislamu wa Tunduru. Siku hizi ameacha lori. Wenye mashamba makubwa huko bara wanamwajiri kuwaua nguruwe pori, maana huku nguruwe pori wanaharibu ngano kama huko kwetu wanavyoharibu mihogo. Siku moja wakati wa chai nilimwambia kwamba baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori na alibeba bunduki ya serikali miaka ishirini na sita. Tangu siku hiyo ananiita "binti wa askari," na akipita ghalani lazima aniulize habari zako kana kwamba mlisoma darasa moja.

Sasa Des amepata bunduki mpya, ile aina inayojikoki yenyewe. Baba, hapa nchini bunduki ya namna hiyo si ya kila mtu. Raia wa kawaida hawezi kumiliki, wala hata kuishika haruhusiwi. Hupewa watu wachache mno wenye kazi maalumu kama yake, na wanaandikwa na kuchunguzwa na kukaguliwa mpaka masanduku yao. Akataka kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha kabla hajaenda nayo kazini, akanialika nikaione. Nikamwomba Wanjiru twende wote. Huyu ni yule nesi wa Kenya ninayeishi naye nyumba moja. Aliniuliza mara tatu kama nina homa, halafu akaja.

Uwanja wenyewe uko nje ya mji, umezungukwa na mikaratusi ile ile ya nyuma ya misheni. Kumbe kwao ni huku! Kuna paa refu, chini yake meza za saruji zimepangwa mstari, na mbele ya meza sakafuni umechorwa mstari wa njano. Ng'ambo ya mstari ni nyasi, na mbali kabisa ni tuta la udongo lenye shabaha za karatasi. Msimamizi ni mama mmoja mwembamba wa miaka kama sabini aitwaye Glenda, ana kofia ya ukindu na sauti ya sajini. Alitujazisha fomu yenye maswali kama ya kitubio: umewahi kufungwa, umewahi kumtishia mtu, umewahi kuugua akili. Wanjiru alinong'ona, "Hii ni maungamo ama ni nini? Wakiniuliza kama nimewahi kukula sadaka, naenda nyumbani." Tukapewa vizibo vya masikio vikubwa kama vikombe viwili vya chai. Nilipovivaa nilikukumbuka, Baba. Miaka ishirini na sita na hawakukupa hata pamba.

Des akafungua sanduku lenye kufuli mbili. Nilikuwa natarajia bunduki kama yako, ile uliyokuwa unaipaka mafuta kila Jumapili mpaka Mama akaiita mke mwenzake. Hii haina mti hata kidogo. Ni nyeusi yote, kitako cha plastiki, nyepesi, mtu anaibeba kama mwavuli. Nilidhani ni ya kuchezea. Glenda akasimama kati yangu nayo, akanionyesha kwa kidole: wewe na mwenzako nyuma ya viti, macho tu, mikono hapana.

Kisha Des akaketi, akalenga, akapiga.

Baba, sijui nikuelezeje. Unajua nilivyozoea kukuona. Unapiga, halafu mkono wako wa kulia unapanda, unavuta bolti nyuma, ganda linaruka, unasukuma mbele, unafunga, ndipo unarudi kwenye kifyatulio. Ulipokuwa unanionyesha uani bila risasi nilikuwa naona kama unafungua mlango na kuufunga. Basi Des alipopiga ya kwanza nikawa naungoja ule mkono upande. Haukupanda. Pa! Pa! Pa! Mkono umetulia palepale, kidole tu kinacheza, na bunduki yenyewe inajifungua, inatema ganda, inajilisha, inajifunga, tena na tena, kabla sijapepesa jicho. Alisema ni moshi wa risasi iliyotoka ndio unaorudi kusukuma chuma. Nilisikia kila mshindo kifuani, ndani kabisa, na nywele za mikono zikanisimama. Niliogopa na nikafurahi kwa pamoja. Nikasema "Yesu na Maria" kwa sauti kubwa, na kwa sababu nimeziba masikio sikujua kwamba napiga kelele. Wanjiru alikuwa ameshanishika gauni.

Sasa ndipo nilipotuaibisha. Maganda yalikuwa yanaruka kulia, yanameta kwenye jua, yanaanguka kwenye saruji na kuviringika kila upande. Nami sikufikiri chochote, Baba. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa ambaye baba yake amerudi kutoka porini. Unakumbuka? Kabla hujavua viatu unafungua leso, unaniita, tunahesabu: risasi tano zimetoka, maganda matano yamerudi, kesho ofisini hutaandika barua ya kujieleza. Ganda moja likipotea hulali. Mara ngapi tulipekua mifuko yako, soksi zako, mpaka ndani ya kibuyu cha maji! Nikaona maganda ya Des yanapotea na mwenyewe wala hajali, nikainama kuyaokota kama kuku. Moja likaviringika likavuka mstari wa njano. Nikalifuata.

"Acheni kupiga! Acheni! Acheni!" Glenda alinguruma, uwanja mzima ukanyamaza. Des aliondoa kidole kama kimeungua, akaweka bunduki mezani. Watu wote kwenye mstari wamegeuka, na mimi nimechutama kwenye nyasi upande ambao risasi zinaruka, ganda mkononi.

"Haki wewe Imelda!" Wanjiru alilia. "Sasa ni kuokota vyuma unafanya? Unataka nimpigie mama yako nimwambie nini?"

Glenda alinirudisha kwa kunishika mkono juu ya kiwiko, kama mwizi wa maembe. Alinisema vikali, na alikuwa na haki. Akaniuliza kulikoni, mimi ni mtu mzima, nilikuwa natafuta nini pale. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia habari za leso, na ofisi, na barua ya kujieleza, na kwamba kwetu ganda likipotea baba yangu anaulizwa risasi aliiuza kwa jangili gani. Nilikuwa nalia, si uongo. Akavua kofia akajipepea, akasema, "Keti hapo. Usisogee mpaka nikuambie." Niliketi kama nusu saa. Aliporudi aliniletea kikombe cha chai, akanieleza mstari ule tena kuanzia mwanzo, kwa upole safari hii, akanirudishia ruhusa.

Des alikuja kuketi pembeni yangu. Akaniuliza baba yangu alitumia bunduki gani. Nikamwambia ya bolti, nzee kuliko yeye mwenyewe. "Kwa wanyama gani?" Nikamtajia: tembo waliokuwa wanaingia mashambani, simba yule wa kule mtoni, na nyati. Sijui kwa nini nilimsimulia habari za nyati, Baba. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu. Nilimwambia kwamba nyati alikuwa na waya wa mtego shingoni, ameingia kwenye mahindi pembeni ya kijiji, wewe na Baba Mdogo Fulgence mkatumwa, na yeye hakuwa na bunduki, alikuwa na panga tu. Kwamba ulipiga, nyati akayumba asianguke, akamfuata Fulgence. Kwamba risasi yako ya pili ilimlaza, lakini Fulgence alikuwa ameshaumizwa, na hakufika hospitali ya misheni. Na kwamba watu walisema ulichelewa.

Des aliinuka. Akaenda kuongea na Glenda, akarudi na bunduki nyingine, kuukuu, ya mti, ya bolti kama yako. Hiyo wageni wanaruhusiwa kuijaribu msimamizi akiwa karibu. Wakaniketisha mezani. Glenda akasimama ubavuni pangu, akanionyesha kitako kikae wapi begani. Nilipiga ya kwanza. Bega lilipigwa na teke la punda! Nikavuta bolti, nikaivuta nusu, nikasukuma, nikabonyeza, ikalia "tik" tupu. Glenda akasema, "Hukuivuta mpaka mwisho. Kila mtu hufanya hivyo." Nikarudia. Mara ya nne nikaweza.

Ndipo Des akaniambia, "Sasa nitasimama pale kwenye nguzo, nyuma ya mstari. Ukipiga ya kwanza nitaanza kutembea kuja kwako. Wewe koki, piga ya pili. Tuone." Glenda akaitikia kwa kichwa. Kutoka nguzo mpaka kwangu ni kama kutoka barazani kwetu mpaka kwenye kisima. Nikapiga. Nikavuta bolti, mkono ukateleza jasho, nikavuta tena, ganda likaruka, nikasukuma. Kidole cha Des kikanigusa bega. Nilikuwa bado sijaifunga. Baba, mzee yule ana kitambi, alikuwa amevaa kandambili, na alitembea kama mtu anayekwenda kununua mkate.

Tukarudia mara tatu, na mara zote alinigusa. Nikamwambia labda ni kwa sababu mimi sijui. Nikasema ajaribu yeye. Akaketi, nami nikatoka kwenye nguzo kwa mwendo wa kawaida. Ana miaka arobaini ya kushika bunduki, na alipiga ya pili nikiwa nimebakiza hatua mbili tu nimfikie. Akageuka akaniambia, "Na wewe ulikuwa unatembea." Nikamuuliza, je, ile nyeusi? Akaigeukia. "Ile, labda," alisema. "Labda. Mimi nguruwe hunikimbia. Sijawahi kusimama mbele ya kitu kinachokuja. Sijui kama mkono wangu ungejua hata bolti iko wapi. Baba yako alikoki huku anaona rafiki yake anauawa, akapiga tena, akapata. Mwambie kuna mtu huku amevua kofia." Na kweli aliivua, ingawa jua lilikuwa linachoma.

Niliingia chooni nikalia mpaka Wanjiru akaja kunigongea mlango.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo ni langu. Siku ya tatu ya matanga ya Fulgence nilikuwa na miaka kumi na minne, na ulimi wa miaka kumi na minne. Nilikuletea maji ya kunawa mbele ya wazee wote, nikakuuliza, "Baba, kwa nini ulichelewa?" Ulinawa mikono, ukaifuta, na chakula hukugusa. Wiki iliyofuata uliomba ofisini wakutoe porini, wakakuweka getini kuinua na kushusha kizuizi mpaka ulipostaafu. Wengine walisema mengi nyuma ya mgongo wako, lakini usoni nilikuuliza mimi peke yangu, mwanao, niliyepewa jina la mama yako. Nimekaa na hilo miaka kumi na minane nikijidanganya kwamba umelisahau. Nisamehe, Baba. Nilikuuliza kitu ambacho sikukijua, na jibu lake nimelipata mbali hivi, kutoka kwa mzee wa kandambili. Hukuchelewa. Hakuna mtu aliyezaliwa ambaye angewahi kwa chuma kile walichokupa.

Nami nimetishika, nakuambia kweli. Nilikwenda kuishangaa bunduki mpya nikarudi nikikushangaa wewe. Ile nyeusi inafanya kazi yote yenyewe, mtu anabonyeza tu. Wewe ulifanya yote kwa mkono wako, nyati yuko hatua chache, na bado ulipiga pale panapotakiwa. Kama si wewe, wangekufa na wale kina mama waliokuwa wamejificha kwenye mahindi. Mmoja wao yuko hai hadi leo na anakuuzia tumbaku.

Kuhusu Skola, sitakusukuma zaidi ya hapa. Mimi nimekua nikiwa na baba kila Jumapili, akipaka bunduki mafuta na kunihesabisha maganda. Yeye alikuwa na miaka mitano. Kati ya wanaume wote wa kijiji, na baba zake wakubwa wapo, amekuchagua wewe uliyekuwepo siku ile. Nadhani anajua anachoomba.

Mnisalimie Mama, na aache kunyanyua ndoo. Kaka Oddo mpe salamu ndefu, azifupishe akipenda. Shangazi wa Peramiho mwambie kitenge kimefika salama, nimekivaa leo kanisani na Wazungu wamekiulizia. Katekista mwambie huku tunaimba kwa kibodi lakini ngoma yake naikumbuka. Na wale mbuzi wako, wape majani lakini usiwafanye kimbilio.

Mama Skola, mjane wa Fulgence, naye nina salamu za kumpa, ila hizo sikumpa Oddo kwenye simu, wala mwalimu sikumwachia, wala Mama asizichukue. Najua kwamba tangu msiba ule unazunguka kwa njia ya mtoni ili usipite mlangoni kwake. Salamu hizo nimekupa wewe, Baba. Zipeleke mwenyewe, piga hodi.

Mwanao,
Imelda